Mgongo wa Muuza Magodoro

Jumatatu, 3 Juni

Siku ilianza vizuri. Kisha Bwana Pamba akapita. Huyu ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, anauza magodoro ya pamba, yaani marundo ya vumbi yaliyoshonwa. Mimi nauza sponji. Alipita mbele ya duka langu na magodoro mawili kichwani, tena akanipungia mkono! Wateja wangu wakamtazama kwa macho ya mapenzi.

Nikabeba matatu. Nani asingebeba? Nikainama mzimamzima, nikayanyakua, nikanyanyuka huku nikijigeuza ili wateja wanione vizuri ubavuni. Kiuno kikalia ka!

Nikabaki nimekunjika palepale. Nikawaambia wateja natafuta sarafu iliyodondoka. Watu wema jamani, wote wakainama kunisaidia. Baadaye wakainuka. Mimi sikuinuka.

Hapa ndipo balaa lilipo. Ukutani mwa duka nimechorwa mimi mwenyewe, nimelala kwenye godoro nikitabasamu, na chini yangu maandishi makubwa: UTAZAME MGONGO WANGU! HAUJAWAHI KUUMA HATA SIKU MOJA!! Wazo langu mwenyewe. Hata ile alama ya pili ya mshangao ni yangu.

Na Ijumaa ya wiki ijayo anakuja matroni wa shule ya bweni ya wasichana kuchagua magodoro ya bweni jipya zima. Atanunua kwangu au kwa Bwana Pamba. Nikimkosa, duka nafunga, naenda kufanya kazi kwa shemeji yangu, anayefuga kuku na kuniita "dogo" ilhali nimemzidi umri. Sitaki kuku. Lazima mgongo huu ukae kimya.

Jumanne, 4 Juni

Nimelala kutwa nzima bila kutikisika. Nilimwambia mke wangu nina mafua. Akauliza mafua haya yameanza lini kushika kiuno. Nikasema ni aina mpya. Akanifungia barafu kwenye taulo na kuniwekea mgongoni. Nilipiga ukelele ambao watoto wa jirani wanauiga hadi sasa.

Kadiri ninavyolala ndivyo ninavyokakamaa. Godoro ni la kwangu mwenyewe, lile la bei ya juu kabisa. Linauma. Jambo hili sitaliandika tena mahali popote.

Jumatano, 5 Juni

Mke wangu amenikokota hadi kwa mama wa mazoezi ya viungo, ghorofani juu ya duka la dawa. Nilivaa kofia na miwani ya jua asinitambue mtu. Ngazi zile! Nilizipanda kwa kukumbatia ukuta.

Mama wa viungo alinibonyeza hapa na pale, akauliza kama miguu inakufa ganzi. Haifi. Akasema mfupa ni mzima, ni msuli wa kiuno tu umevutika, utapona upesi nikiwa na adabu. Akauliza kazi yangu. Nikasema fundi saa. Akashangaa: eti mgonjwa wake aliye nyuma ya pazia naye ana tatizo hilohilo, na ni mwalimu wa kwaya. Siku hizi kazi za kukaa zinaumiza watu kweli, akasema.

Huyo mwalimu alikuwa akiguna kama mbuzi aliyefungiwa. Mtu mzima! Nilimwonea haya.

Nimekatazwa kulala kutwa. Nitembee kidogo kidogo, nijikande kwa mpira wa maji ya moto, nivute magoti kifuani nikiwa chali. Nikitaka kutoka kitandani nisikurupuke: nigeuke ubavu kwanza, nishushe miguu, nijisukume kwa mikono. Na nikibeba kitu nikunje magoti, nikikumbatie kifuani, nisijipinde. Nikaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Mke wangu akanitazama kwa jicho la pembeni.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi dukani. Siwezi kuinama, kwa hiyo nasimama wima kama askari wa gwaride. Kumbe wateja wanapenda! Mama mmoja amesema siku hizi nina heshima.

Mpira wa maji ya moto nimejifunga kiunoni ndani ya koti. Nikigeuka unalia gurugurugu. Mteja mmoja akauliza kama nimekula. Nikamwambia hiyo ni sponji mpya, inapumua. Akanunua!

Ila Bwana Pamba ananiiga. Naye leo kasimama wima mlangoni kwake kutwa nzima, anajifanya mheshimiwa. Nilipotoka kutembea kidogo, naye akatoka. Nilifika kwenye kibanda cha muuza magazeti nikageuza. Yeye akakipita! Nikarudi tena, nikafika kwenye bomba la maji. Naye akaja hadi kwenye bomba, akaligusa kabisa kwa kidole ili nione. Basi jioni nilikwenda hadi kwenye lango la kiwanda cha sabuni. Sikuwa na shughuli yoyote kiwandani. Mlinzi aliniuliza natafuta nini, nikamwambia ushindi.

Jumapili, 9 Juni

Mazoezi sebuleni. Mke wangu alitandika mkeka, akalala naye pembeni kunionyesha namna ya kuvuta magoti. Tulikuwa kama mende wawili waliopinduka. Nikacheka, naye akacheka, nikamwomba aache maana nikicheka naumia, basi ndiyo akazidi. Mwishowe nilicheka mpaka machozi, na kiuno hakikuuma hata chembe. Nampenda sana mwanamke huyu. Simwambii, atavimba kichwa.

Akaniomba nifute yale maneno ya ukutani na nimwambie matroni ukweli. Nikamwambia ukweli uende zake, mimi kuku sitaki.

Jumatano, 12 Juni

Kwa mama wa viungo tena. Ngazi nimezipanda kama kijana! Mwalimu wa kwaya alikuwapo nyuma ya pazia lake, haguni tena, anaimba. Anaimba vibaya mno. Naihurumia kwaya yake.

Mama wa viungo amefurahi. Amesema ninakaribia kupona, ila nisibebe kitu kizito kwanza, na nitakapoanza nianze kidogo kidogo. Hakuna shida. Keshokutwa sibebi kitu. Nalala tu kwa madaha mbele ya matroni, mambo yamekwisha.

Ijumaa, 14 Juni

Alikuja! Akaanza kwa Bwana Pamba. Nilichungulia dirishani, sikuona kitu. Akatoka kaziba mdomo kwa mkono. Nikajua ni lile vumbi.

Akaingia kwangu. Akatazama picha ya ukutani, akanitazama mimi, akasema nilale vilevile kama kwenye picha. Nikalala, nikatabasamu. Akasema sasa niinuke.

Nikageuka ubavu. Nikashusha miguu. Nikajisukuma kwa mikono. Safi kabisa!

Matroni akacheka hadi akakaa kwenye sampuli. Akasema mwinuko huo anaujua, kwani hata yeye huinuka hivyohivyo tangu alipoumia kwa kunyanyua sanduku la mwanafunzi, na aliyemfundisha ni mama mmoja juu ya duka la dawa. Na asubuhi ya leo ameshauona mara mbili. Akaniuliza moja kwa moja, mgongo huu unauma tangu lini?

Nilitaka kusema haujawahi. Nikatazama pembeni, mke wangu kasimama pale, mikono kifuani, macho yamemjaa wasiwasi. Nikawaona wale kuku wote wa shemeji. Nikashindwa. Nikasema tangu nilipobeba matatu.

Akaagiza Bwana Pamba aitwe. Akaja, akapanda kizingiti changu, akaguna. Mguno ule! Nikapaza sauti: mwalimu wa kwaya! Naye akatoa macho: fundi saa! Kumbe siku ileile niliyoumia alirudi kwake akajaribu kubeba manne. Nilijisikia vizuri ajabu.

Matroni akatuweka sawa. Ameyajaribu magodoro ya wote wawili, yote ni mazuri. Alichokuwa akitafuta ni nani kati yetu ana uongo mdogo, na tumetoka sare, maana Bwana Pamba naye alimwapia kuwa mgongo wake ni mzima. Kwa hiyo ghorofa ya juu watalalia sponji, ya chini pamba. Ila maneno ya ukutani yafutwe, na kesho tupeleke mzigo wenyewe, godoro mojamoja, magoti yakiwa yamekunjwa, yeye akiwa anatazama.

Hakuna kuku! Mke wangu alinikumbatia mbele ya wateja, kwa uangalifu, kiuno hakugusa. Nikanywa chai na Bwana Pamba. Si mtu mbaya. Anaweka sukari nyingi.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi mchoraji amefuta maneno ya zamani. Yapya nimetunga mimi: UTAZAME MGONGO WANGU! ULIUMA, SASA UMEPONA KABISA!! Mke wangu ameyasoma, akaingia ndani bila kuaga.

Bwenini tulianza kwa adabu. Bwana Pamba moja, mimi moja. Magoti yamekunjwa, godoro kifuani, hakuna kujipinda. Matroni akatusifu. Tukaendelea hivyo mpaka mzigo ukakaribia kwisha, hakuna aliyeguna. Ndipo matroni akaitwa ofisini.

Wasichana walikuwa wamejaa madirishani, wanatushangilia. Bwana Pamba akatazama juu. Akatazama rundo lake. Akabeba mawili, akaweka kichwani. Na akanipungia mkono.

Naandika haya nikiwa chali sakafuni mwa bweni, miguu juu ya kiti, kama mama wa viungo alivyonielekeza kwa simu. Nilibeba manne. Bwana Pamba naye alirudi kuchukua matano. Yuko hapa pembeni yangu, chali, naye miguu juu ya kiti.

Kiti chake ni kirefu kuliko changu. Nimemwomba matroni aniletee meza.