Sekunde Saba na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kazini wamenipa zawadi ya miaka kumi ya utumishi: diski mpya ya kompyuta. Saa za ukutani zilikuwa zimekwisha. Sijali! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amenitambia mwaka mzima kwamba kompyuta yake inawaka kwa sekunde nane. Ya kwetu ukiiwasha unaenda kuoga, unavaa, unarudi na kuikuta bado inajifikiria. Jumapili anakuja kula. Ataikuta inawaka kwa saba.

Mpango: kuhamisha mfumo endeshi na magemu yote kwenda diski mpya. Mwenyewe. Mke wangu akashauri nimwone Fundi Miwani, mwenye duka la kompyuta hapo chini ya ghorofa yetu. Nikamwambia fundi ni mtu mwenye bisibisi, na bisibisi ninayo.

Jumanne, 4 Machi

Kikwazo. Diski mpya ni ndogo, nusu ya ile ya zamani. Miaka kumi ya jasho! Lazima vitu vipungue. Magemu yangu saba ya mpira hayaguswi, kila moja lina umuhimu wake. Picha za harusi nusura niziondoe, ila mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Kisha nikaona folda moja kubwa ajabu, jina lake herufi na tarakimu tupu. Takataka hiyo. Nikaifuta, na pipa la taka nikalimwaga. Nafasi tele!

Jumatano, 5 Machi

Nimeweza! Kunakili kumechukua saa tatu. Nimechomoa diski ya zamani, nimefunga mpya. Zimebaki skrubu mbili ambazo nadhani hazikuwa na kazi. Imewaka kwa sekunde saba kamili. Nimecheza peke yangu sebuleni, mikono juu.

Nimeshuka kwa Fundi Miwani kununua waya nisiouhitaji, ili tu apate habari. Akauliza kama niliweka nakala pembeni kabla ya kufuta chochote. Nikacheka. Wivu mtupu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha.

Mama mkwe, tunayeishi naye, ana shamba. Liko ndani ya kompyuta. Alikuwa mkunga, na alipostaafu alishinda wiki tatu jikoni akilia kimyakimya, hajui mikono yake aipeleke wapi. Mke wangu akamfundisha gemu la shamba. Huu mwaka wa nne. Ana ng'ombe mia mbili na kumi na wawili, kila mmoja na cheo cha wodini: Matroni, Daktari wa Zamu, Dada wa Dawa. Habari za afya zao tunazipata mezani kila siku.

Leo nimelifungua nione litakavyokwenda kasi. Uwanja mtupu. Kuku mmoja. Nikazima, nikawasha. Kuku yuleyule.

Ile folda! Bahati nzuri Mama yuko kwa dada yake, anarudi Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema tumbo. Mpango: kulijenga shamba upya kabla hajarudi. Nimelima tangu saa mbili asubuhi bila kula. Kufikia jioni nina ng'ombe watatu, wote mbavu nje. Mnene kidogo nikamwita Matroni. Akafa. Nikanunua mwingine, nikampa cheo hichohicho. Mke wangu ameuliza mgonjwa wa tumbo anamwagilia mahindi ya nini. Nikasema daktari ameshauri.

Jumamosi, 8 Machi

Mama amerudi. Hata viatu hakuvua, moja kwa moja kwenye kompyuta. Akawatazama wale watatu kwa muda mrefu.

"Baba," akasema taratibu, "huyu si Matroni."

Nikaanza kueleza habari za kirusi cha kompyuta. Akaniuliza tena Matroni yuko wapi, na macho yalikuwa yamejaa. Kirusi kikaniishia mdomoni, nikakiri yote. Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Alisema tu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemzalisha Matroni, aliyetanguliza miguu ya nyuma. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Nimeshuka ngazi mbilimbili, diski ya zamani mkononi. Fundi Miwani alinitaka nirudie maelezo kwa sauti, maana wateja wawili walikuwa hawajasikia vizuri. Kisha akauliza kama nimeitumia diski hiyo tangu niitoe. Nikasema hapana, niliitupa kwenye droo ya soksi nikaisahau. Akasema basi uvivu wangu ndio umeliokoa shamba, maana kilichofutwa hubaki humo mpaka kiandikwe kingine juu yake. Saa moja na nusu baadaye akapanda mwenyewe kulirudisha. Ng'ombe mia mbili na kumi na wawili, wote wazima! Mama alipiga vigelegele, akamkumbatia fundi, kisha akanikumbatia na mimi. Machozi yalinitoka. Nikasingizia vumbi la kompyuta.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja. Nikawasha mbele yake. Sekunde tisa! Akatabasamu, akaomba chumvi.

Haiwezekani. Walipokuwa bado wanakula nimeikagua diski. Kumbe imejaa: shamba la Mama liko mara mbili! Moja kwenye ile folda ya herufi na tarakimu, jingine Fundi Miwani ameliweka pembeni, kwenye folda aliyoiandika USIGUSE. Mafundi bwana, kujaza tu. Mbili za nini? Lakini mimi si mtu wa kurudia kosa. Onyo la fundi nimeliheshimu, USIGUSE sikuigusa. Nimefuta ile nyingine.

Nafasi tele! Nimempisha Mama acheze, nikaja chumbani kuandika haya. Sasa ananiita kutoka sebuleni, kwa jina langu lote mpaka la babu. Bila shaka anataka kunisifu mbele ya shemeji.