Maandazi ya Wifi na Jeshi la Rusayl

Jumapili, 12 Januari

Nimepata kazi ya kulisha jeshi! Si jeshi la kweli. La filamu. Askari wa Marekani ya zamani, waliokaa mpakani huko porini wakingoja chakula kije kwa gari la nyumbu. Wamejenga ngome ya mbao nyuma ya maghala ya Rusayl. Loai, rafiki wa mume wangu Marwan, ndiye msimamizi wa vyakula vyao. Anataka biskuti za kijeshi: unga, maji, chumvi, basi. Ngumu kama jiwe.

Wakizipenda, nitapikia nyumbani Ghubra, mwanangu Noof kiunoni. Wasipozipenda, Jumapili ijayo naanza kuuza manukato dukani Khuwair ya Kusini. Mamamkwe, Bi Masouda, keshanitafutia. Mwanangu atashinda bila mimi. Jino lake la pili limetoka jana, nami nimeliona wa kwanza. La tatu nalo nalitaka!

Jumatatu, 13 Januari

Nimechoma biskuti kutwa. Zote laini! Nilizikanda kwa hasira, mkono ukatia hamira kwa mazoea, zikaumuka. Marwan kala trei nzima kwa chai, kasema askari gani hao wenye bahati. Loai kapita, kabonyeza moja, kidole kikazama. Kasema yallah, Mama Noof, huu mto wa kulalia. Kanipa mpaka Jumatano.

Jumanne, 14 Januari

Fikra! Maandazi ya Taghreed!

Taghreed ni wifi yangu, anakaa ghorofa ya juu, kasoma, na ananikumbusha hilo kila siku. Maandazi yake yanajulikana ukoo mzima. Idi iliyopita moja lilianguka, kigae kikapasuka. Andazi zima. Hakuna anayethubutu kumwambia. Tunayatia mikobani, tunasema tutakula nyumbani.

Nimepanda juu na khanga mpya ya zawadi. Nimemwambia Wazungu wameomba maandazi yake hasa. Kanyanyua pua, kasema wenzetu wanajua vitu, si kama watu wengine humu ndani. Nikameza. Kwa ajili ya Noof nameza hata andazi lenyewe.

Nikamsihi asitie hamira. Kashangaa. Kasema hamira hajatia tangu azaliwe, ya nini?

Jumatano, 15 Januari

Ushindi! Mwongozaji, Mzungu wa ndevu nyekundu, kaligonga andazi mezani, likalia ko! Kidogo atoe chozi. Loai kasema khalas, yamekwisha, kazi ni yako.

Lakini nimewaona hao askari. Masikini wana wa watu! Waganda, Wabaluchi, sare nzito za sufu juani, na wamekatazwa kula asubuhi wapate sura ya njaa. Katika picha ya kesho gari la chakula linafika ngomeni, wanafungua magunia, wanakuta biskuti tupu, wanalia. Mmoja, Wasswa, kijana Mganda, kaniambia, Mama, mimi kulia sihitaji kufundishwa.

Mtu ale chakula changu abaki na njaa? Bibi yangu angefufuka anichape.

Marwan kaniona nawaza. Kasema usithubutu. Nikamwambia sitothubutu.

Nimeroweka mchele.

Alhamisi, 16 Januari

Nilipanga vizuri. Sufuria la pilau chini ya magunia, nyuma kabisa ya gari, ili wale picha ikishapigwa. Nani ataliona?

Pilau si ya kuonwa, ni ya kunuswa. Upepo ukageuka. Gari halijafika langoni, jeshi zima limesimama, pua juu. Kamanda kafungua gunia, kayasukuma maandazi kando. Waliotakiwa kulia walipiga vigelegele. Nyumbu wakatimua mbio. Wasswa, aliyepangiwa kufa kwa njaa, kakutwa na paja la kuku mdomoni.

Wakajaribu tena. Nusu ya jeshi imelala kwa shibe.

Mwongozaji kafoka mpaka sauti ikamkauka. Loai kasema nirudi nyumbani, maandazi watamwagizia Taghreed mwenyewe. Bi Masouda kanitolea nguo ya dukani, keshaipiga pasi. Kasema si kwa ubaya, mwanangu. Noof kalala kifuani kwangu, hajui kitu. Nimelia kidogo.

Ila walikula wakashiba. Hilo sijutii.

Ijumaa, 17 Januari

Loai kaja baada ya sala. Nikajificha jikoni. Kumbe jeshi limegoma! Wasswa kawasemea: bila pilau ya Mama Noof hakuna anayevaa sufu. Na mwongozaji mwenyewe keshakwangua ukoko wa sufuria, kauliza kama upo mwingine.

Basi kazi ni yangu mpaka filamu iishe! Nawapikia cha jioni. Sharti moja: chakula kisiingie ngomeni kabla ya picha kupigwa. Nimeahidi mbele ya Marwan na mamamkwe. Bi Masouda kasema haya, duka halikimbii, kairudisha nguo kabatini. Taghreed anashuka ngazi kama bibi harusi, kesho ana maandazi ya gunia zima.

Na Noof ana kitu cheupe kwenye ufizi! La tatu, nimeliona mimi!

Jumamosi, 18 Januari

Kesho wanapiga picha ya maziko ya askari. Ndefu hiyo, mpaka alasiri, na tumbo tupu. Masikini!

Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa pilau, inanukia. Vitumbua vikipoa havinukii. Na Loai kasema mwenyewe, jeneza litakuwa tupu.

Nani atafungua jeneza?