Mimi na Mama Fabrice Hadi Kapalamsenga

Jumatatu, 4 Agosti

Didace ndugu yangu, Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Mgongo umepona, au bado unainuka kwa kushika ukuta? Na nyie wote huko Majimoto, wazima? Sisi huku Sibwesa Mungu anatutunza, ingawa anatutunza pamoja na Ladislas.

Uliniambia niandike daftari kila siku, halafu nikutumie kwa gari. Naandika. Usimwonyeshe mtu, hata shemeji.

Habari yenyewe hii. Jumapili tunachagua mwenyekiti wa wanandoa wa kigango. Kiti cha mbele, ubavuni mwa Padri akija! Nimegombea mara tatu, nimeanguka mara tatu. Mara ya mwisho nilipata kura mbili. Mke wangu mwenyewe, Mama Fabrice, alisema nisimtazame yeye, hakunipigia.

Ladislas naye anagombea. Jirani yangu, mtu wa kuvaa miwani ya jua ndani ya kanisa. Anajiita besi wa kwaya. Besi! Basi na ng'ombe wangu akikohoa tumpe joho.

Leo katekista Lyamba ametangaza kwamba safari hii hataki maneno, anataka wanandoa wanaoonekana kwa macho kwamba wanapendana. Haikufika jioni, Ladislas katupa picha kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Yeye na Ernestine wake juu ya pikipiki, mbele ya kichuguu. Kichuguu, Didace! Watu kumi na mmoja wakaweka mioyo. Mimi niliweka dole gumba, kisha nikalitoa.

Jumanne, 5 Agosti

Bwana amenipa wazo katikati ya rozari. Ijumaa ni Nane Nane, hakuna kazi. Nitampakia Mama Fabrice kwenye pikipiki, tupite milimani, tushuke korongo lote mpaka Kapalamsenga, ziwani. Unalijua korongo lile: miamba kulia, miamba kushoto, njia inajipinda katikati, halafu ghafla Tanganyika yote iko chini yako. Picha moja tu ya pale, kichuguu cha mtu kitaomba radhi.

Nilipomwambia, aliacha kupepeta mahindi. Dada yake Annonciata ameolewa kule Kapalamsenga. Anaomba kwenda kumwona tangu Fabrice yuko darasa la nne. Fabrice sasa ana watoto wawili. Kila mwaka namwambia tumalize kuvuna kwanza.

Akaniuliza kuna nini. Nikamjibu, mapenzi. Akaniuliza tena kuna nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeosha pikipiki hadi imekuwa rangi ambayo sikuijua. Mama Fabrice amepiga pasi kitenge mara mbili, na tangu asubuhi anaimba. Vizuri sana. Uso wenye furaha unatoka vizuri kwenye picha.

Kwa shemeji huendi mikono mitupu. Nimechukua kiroba kizima cha ule mchele ulionitumia, nikakifunga nyuma kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Mama Fabrice akasema mpira huo umechoka. Nikamwambia ashughulike na jiko lake.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika nikiwa Kapalamsenga, nje ya nyumba ya Annonciata. Ndani sijakaribishwa.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Jua la kiangazi, vumbi, miti inaanza kutoa majani mekundu. Mimi mbele, Mama Fabrice katikati, mchele nyuma. Juu ya korongo tukapiga picha tatu. Ya kwanza yeye kafumba macho. Ya pili mimi. Ya tatu ni helmeti yangu na wingu.

Chini kidogo kuna ule mteremko wa mawe. Kila mtu huku anajua utaratibu: mama anashuka, anatembea, baba anapitisha pikipiki, anamsubiri chini. Akashuka. Mimi nikateremka miguu yote chini, natambaa kama bata. Kule chini nikasimama kusubiri. Hapo nikasikia mtu ameniegemea mgongoni. Mzito, wa moto, ametulia. Didace, nilisikia raha! Miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kuniegemea hivyo. Nikajua kashapanda. Nikatia gia.

Nikaongea naye njia nzima. Nilimwambia ndoa ni sadaka. Nilimsamehe habari ya ile kura. Nilimwambia tukishinda ataitwa mama mwenyekiti, atakaa mbele, amtazame Ernestine kwa huruma. Hakunibishia hata neno moja. Nikasema moyoni, hewa ya milimani inafundisha wake heshima. Nikamwimbia ubeti wa wimbo wa ndoa yetu.

Kijijini Annonciata akatoka mbio na vigelegele. Vigelegele vikakatika. Akauliza mdogo wake yuko wapi. Bila kugeuka nikaonyesha nyuma yangu kwa dole gumba.

Akasema huo ni mchele.

Mpira wa tyubu ulikuwa umelegea, kiroba kimekuja mbele, kimekaa mahali pa mke wangu kama kimelipiwa nauli. Kabla sijageuza pikipiki nikasikia mngurumo. Nani? Ladislas! Yeye mbele, Ernestine katikati, Mama Fabrice nyuma, mshikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja, kosa la barabarani mchana kweupe. Kumbe alisikia safari yetu, akatufuata ili naye akapige picha ziwani. Mtu asiye na wazo lake mwenyewe! Walimkuta Mama Fabrice anatembea katikati ya miamba, viatu mkononi.

Ladislas akashuka, akavua miwani, akaniuliza kwa ile besi yake, mbele ya kijiji kizima: Baba Fabrice, na mchele ulijibuje? Hata mama aliyekuwa amejitwika beseni la samaki, migebuka, akalitua chini ili acheke vizuri.

Mama Fabrice hakucheka. Aliniuliza taratibu kama ni kweli, kutoka kule kwenye mawe hadi hapa, sikugeuka hata mara moja. Nikamwambia dereva mzuri anaangalia mbele. Akaingia ndani na dada yake. Wakaufunga mlango. Mchele waliuchukua.

Jumamosi, 9 Agosti

Amesema anabaki. Mpaka lini, hakusema. Nikambembeleza kikristo: aje tu kwenye kura kesho, Jumatatu nitamrudisha huku huku. Akanitazama kama mtu anayekagua dagaa kama wameoza.

Nimerudi peke yangu. Pikipiki nyepesi mpaka inaruka. Kwenye korongo nikasimama. Nyayo zake bado zipo kwenye vumbi, peku, mstari mrefu sana, umbali ambao mimi nisingeutembea. Nilikaa pale. Kisha nikazipiga picha, zinaweza kusaidia kwenye kampeni.

Jumapili, 10 Agosti

Lyamba alitaka kila mgombea asimame mbele na mwenza wake. Ladislas akasimama na Ernestine, wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Mimi nikasimama na simu, nimeinua picha ya Mama Fabrice, ile aliyofumba macho. Lyamba akanipa pole, akauliza amefariki lini.

Ladislas, kura arobaini na moja. Mimi, moja, nayo niliipiga mwenyewe. Safari iliyopita nilipata mbili! Kuna mtu kanikimbia. Nitamtafuta mnafiki huyo mpaka nimpate.

Jumatatu, 11 Agosti

Ernestine amepita na ujumbe, maana simu yangu Mama Fabrice haipokei. Anasema atarudi siku nitakayokwenda kumchukua kwa sababu namtaka yeye. Bila picha, bila kura. Ernestine akaongeza la kwake, kwamba hilo si gumu, pikipiki ninayo na njia naijua.

Nimeutafakari ujumbe huo mbele ya msalaba, nusu saa nzima, magoti chini. Nimemwelewa mke wangu. Kigango anakiona kidogo! Mwanamke wa hadhi yake hawezi kurudi nyumbani kwa ajili ya kiti cha kigango. Nilikosea ngazi.

Basi, parokia. Mwezi ujao wanachagua mwenyekiti wa wanandoa wa vigango vyote. Huko hakuna kusimama na mtu, ni fomu tu, yenye sahihi ya mume na ya mke. Wewe una mwandiko wa kike, hata mwalimu wetu alikuwa anasema. Fomu imo ndani ya daftari hili. Weka sahihi penye alama ya kalamu nyekundu, andika jina la Mama Fabrice, Séverine, kwa upole. Si uongo. Mume na mke ni mwili mmoja, na wewe ni ndugu wa mwili huo.

Nikipata kiti nitamfuata Kapalamsenga na barua yenye muhuri. Atalia kwa furaha. Fomu zinafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nijibu upesi, tafadhali.

Ndugu yako katika Kristo,
Salvator