Kamusi Ndani ya Pipa la Unga

Jumatatu, 3 Machi
Mkutubi anatafuta mtu wa kuongoza usomaji wa riwaya kongwe ya Kiingereza. Atamchagua Jumamosi, mbele ya watu. Mimi huyo! Tatizo ni shemeji, kaka wa mke wangu. Naye kajiandikisha. Mtu anang'oa meno kutwa, riwaya za nini? Akinishinda, ataniita Bwana Mipango mpaka kaburini. Nimeazima kamusi ya vitenzi vya Kiingereza, ya pekee pale maktaba, nikaificha ndani ya pipa la unga. Sasa aje tuonane.

Jumatano, 5 Machi
Nimeduwaa. Kumbe kitenzi kimoja kina ukoo mzima! "Give" ni kutoa. Kiwekee "up", mtu kakata tamaa. Kiwekee "in", kasalimu amri. Kiwekee "away", siri imevuja. Vineno vidogo kama punje, na vinageuza maisha ya mtu! Mwili ulinisisimka, kweli. Nikamwita mke wangu aje ashangae. Akasema hata sisi tunakula kiapo, tunakula njama, na hakuna sahani inayochafuka. Nikazidi kuduwaa. Halafu akauliza mbona kitabu kina unga.

Ijumaa, 7 Machi
Bado niko herufi G. Kila ukurasa maajabu, nitaurukaje? Riwaya yenyewe sijaifungua. Haidhuru. Kamusi ninayo mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu tupu. Mkutubi alifungua riwaya katikati, akatuuliza maana: bibi mmoja "put up with" mumewe. Herufi P! Nikakohoa, nikasema bibi alimtundika mumewe ukutani. Watu wakacheka hadi machozi. Shemeji akasema taratibu kwamba bibi alimvumilia. Alieleza kuwa kamusi aliikosa, basi akaisoma riwaya yote, akaona bibi yule kila sura analalamika na kila sura anampakulia mume chakula. Nilistaajabu hata nikasahau kumchukia. Mke wangu, kutoka nyuma, akasema kitenzi hicho anakijua, ndiyo kazi yake tangu harusi. Shemeji kapewa uongozi. Mimi nimepewa kupanga viti.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: nilificha kitabu sicho. Leo nimeazima riwaya, nikaitia pipani. Mke wangu kaikuta, kaikung'uta unga, kaiweka mezani, kisha akanipakulia chakula. Mwanamke wa ajabu! Kesho nitaificha chini ya godoro, upande wake.