Mbuzi wa Mwenyekiti

Jumatatu, 8 Januari

Soko la mifugo limefungwa. Geti limetiwa kufuli, na askari wawili wamekaa mbele yake kwenye benchi la muuza chai. Homa ya Bonde la Ufa, wanasema. Mvua imeleta mbu, mbu wameleta virusi, virusi vimeleta serikali. Mimi ni dalali. Dalali bila soko ni mtu tu aliyesimama juani na fimbo.

Mji mzima unabishana. Redio haikai kimya. Mtu wa Garbatulla alipiga simu akauliza kwa nini chanjo ya mifugo ije baada ya mvua, si kabla. Mama mmoja wa Kinna akauliza kwa nini hospitali inapima malaria tu, hata kwa mtu anayetapika damu. Mwingine akasema hakuna ugonjwa wowote, ni njama ya kushusha bei ya mbuzi. Huyo nilimpigia makofi. Abiba, mke wangu, akaniuliza nampigia nani makofi ndani ya nyumba.

Habari kubwa: kunaundwa kamati ya wananchi. Kazi yake ni kuuliza maswali hospitali na ofisi ya mifugo, kisha kuleta majibu barazani. Mwenyekiti atapewa koti la reflekta. La kijani, limeandikwa MWENYEKITI mgongoni! Nimeliona kwa chifu, limetundikwa kwenye msumari. Saizi yangu kabisa.

Mpinzani: Emuria. Anauza dawa za mifugo karibu na steji na ana kipaza sauti chake mwenyewe. Mtu gani ananunua kipaza sauti? Tangu mvua ianze anazunguka mitaani akitangaza watu wachemshe maziwa na wasichinje mnyama mgonjwa. Mbwembwe tupu. Watu wanampenda.

Jumanne, 9 Januari

Uchaguzi ni kesho. Mpango wangu ni rahisi: wazee wa mitaa wale kwangu leo. Mtu aliyeshiba kwangu mchana hawezi kumwinulia Emuria mkono kesho yake.

Tatizo ni nyama. Bucha zimefungwa na kuchinja kumepigwa marufuku. Wazee hawatoki nyumbani kwa sababu ya maharagwe.

Kisha, bahati! Yule mbuzi wangu mweusi mwenye mimba ameitoa asubuhi. Amelala, masikio chini, makamasi yana damu kidogo. Kidogo sana. Nikajiambia ni majani mabichi, kila mtu anajua majani ya mvua husumbua tumbo. Na sisi tumelelewa hivi: mnyama akianza kukata roho, unamwahi kwa kisu kabla hajawa mzoga. Akifa mwenyewe ni haramu, na ni hasara. Ukimwahi ni nyama.

Nilimwita Mahat. Ni rafiki yangu tangu tukichunga pamoja kule Korbesa, na sijaona mkono mwepesi kama wake kwa kisu. Macho yake nayo ni ya ajabu. Anasimama getini na kukuambia mbuzi aliye upande wa pili wa soko ana umri gani na amezaa mara ngapi. Nusu ya udalali wangu ni macho ya Mahat. Alimtazama mweusi, akanitazama mimi.

"Jaldesa, huyu hayuko sawa. Tumfukie."

Nikamwambia afanye haraka, mnyama anatuacha. Akachinja. Mimi nilishika miguu. Akamchuna kwa mikono mitupu, damu hadi kwenye viwiko.

Wazee walikula wakalamba vidole. Emuria alikuja bila kualikwa, akauliza nani alikagua nyama, akanywa maji, akaondoka. Wivu huo.

Jumatano, 10 Januari

Mwenyekiti!! Emuria amepata ukatibu. Koti linanibana kwapani lakini mgongo unasomeka vizuri. Nimepita steji mara kadhaa bila shughuli yoyote. Kwenye geti la soko askari mmoja alisimama nilipopita. Alikuwa anajinyoosha, lakini alisimama.

Ijumaa, 12 Januari

Mahat hakuja msikitini. Si kawaida yake. Nilimpigia simu, akasema ni homa tu, mgongo unamuuma na macho pia. Nikamwambia anywe chai ya tangawizi, nikakata simu haraka. Sijui kwa nini niliikata haraka. Najua.

Jumamosi, 13 Januari

Mahat amelazwa. Nilikwenda nimevaa koti. Walinizuia mlangoni mpaka nilipogeuka wakasoma mgongo.

Amelala macho yamefumbwa, midomo imekauka. Wamepima malaria, hakuna. Kwa sasa wanamtibu taifodi. Nje ya wodi, Sabdio, mkewe, akanishika mkono wa koti.

"Shemeji, daktari anauliza kama aligusa mnyama mgonjwa. Yeye anasema hapana. Nyinyi mnashinda pamoja. Aligusa?"

Nilisema sijui. Nilisema hivyo macho makavu, mbele ya mama aliyelia hadi shungi likalowa. Niliwaza: kuchinja ni marufuku, na mwenyekiti akionekana ndiye aliyevunja marufuku, koti limekwenda. Ndiyo hesabu niliyopiga pale, rafiki yangu akiwa nyuma ya ukuta. Nikajiambia madaktari wamesoma, watagundua wenyewe.

Jumatatu, 15 Januari

Baraza uwanjani. Watu wengi kuliko siku ya Idd. Hotuba yangu, kusema kweli, ilikuwa tamu. Niliuliza glavu za wauguzi ziko wapi. Niliuliza kwa nini damu ya mgonjwa isafiri hadi Nairobi na kukaa huko kama mgeni wa harusi. Niliuliza serikali ilikuwa wapi mbuzi walipoanza kutoa mimba. Makofi! Emuria mwenyewe alinipa kipaza sauti chake. Hapo kichwa kikanipanda, nikaongeza kwamba ndugu yetu Mahat yuko wodini na hospitali nzima imeshindwa kujua anaugua nini. Makofi yakazidi.

Daktari Gichunge akasimama. Mtu mpole, macho mekundu ya kukosa usingizi. Nilitegemea ajitetee. Hakujitetea. Alikubali kwamba glavu zilichelewa, akakubali kwamba majibu yanachelewa, akasema watu wana haki ya kukasirika. Kisha akasema homa hii mwanzoni inafanana na homa nyingine zote.

"Bila kujua aligusa nini, tunabahatisha. Hapa kuna mtu anajua. Aje aniambie, sitauliza jina."

Nikanywa maji. Chupa ilikuwa tupu, lakini niliendelea kunywa.

Jumanne, 16 Januari

Leo hakuna chai. Abiba ameikuta ngozi ya mweusi nilikoificha, nyuma ya tangi la maji. Ameiburuta kwa kijiti hadi mbele ya kiti changu.

"Baba Duba, uende wewe ama niende mimi."

Nikamwambia haya ni mambo ya kamati. Akaingia ndani kuchukua buibui. Nikaenda mimi.

Njiani nikapata mpango. Nilimwambia daktari kwamba kuna mtu fulani, simfahamu sana, aliyekuwa na mbuzi aliyetoa mimba, na inasemekana Mahat ndiye aliyemchinja. Daktari aliandika. Akauliza kama huyo mtu fulani naye alimgusa mbuzi. Nikasema alishika miguu tu. Akauliza nani walikula. Nikasema inasemekana mtu fulani alialika wazee wa mitaa. Akaweka kalamu chini, akanitazama koti lote, mbele na kwapani.

"Mwambie huyo mtu fulani akunje mkono, nimtoe damu."

Damu ya Mahat pia imechukuliwa upya, imeondoka na gari la mchana. Wamemhamishia chumba cha peke yake. Waliniruhusu nisimame mlangoni. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia daktari ukweli.

"Wangekuvua koti," akasema. "Na ulilipenda sana."

Nilitoka nikakaa karibu na bomba la kunawia mikono, nikalia kama mtoto. Najuta. Naandika wazi ili nisije nikajidanganya baadaye: najuta. Siku zote nilizonyamaza alitibiwa ugonjwa asiokuwa nao, na mimi niko uwanjani nauliza habari za glavu.

Ijumaa, 19 Januari

Majibu yamekuja. Ndiyo yenyewe. Mimi ni mzima. Wazee nao ni wazima, daktari anasema nyama iliiva sana. Hatari ilikuwa kwa mtu wa kisu. Hilo halijawapoza. Mzee Waqo, aliyekula mbavu zote za upande mmoja, sasa anavuka barabara akiniona.

Koti nimelirudisha kwa chifu. Amepewa Emuria. Linamkaa vizuri, halimbani popote, na hilo ndilo linaloniuma. Jioni alipita mtaani kwetu na kipaza sauti, akieleza tena kuhusu damu ya mnyama aliyetoa mimba. Hakutaja jina langu. Angelitaja ningekasirika, na hasira ingenipumzisha.

Redioni bado wanabishana nani alaumiwe, hospitali au serikali. Nilizima. Abiba akaiwasha.

Jumapili, 4 Februari

Mahat yuko nyumbani. Homa imeisha, anakula. Lakini macho! Anasema kila anachotazama kina ukungu katikati, anaona pembeni tu. Nilimuuliza daktari kama ningesema mapema ingesaidia. Hakusema ndiyo. Hakusema pia hapana. Alisema tungekuwa na siku zaidi, akageukia mgonjwa mwingine.

Nilikaa na Mahat nje ya ua. Wanyama wakapita, na mimi kwa mazoea nikamuuliza: huyo wa mbele ana umri gani? Aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta kwa pembe za macho.

"Ni mbuzi ama ni kondoo?"

Nilimshika mkono nikaapa: sitachinja tena mnyama mgonjwa, sitatafuta tena cheo. Sabdio alisikia kiapo chote. Aliendelea kuchambua mchele.

Usingizi wangu si mzuri siku hizi. Nikifumba macho naona mikono yake na damu hadi kwenye viwiko, na najisikia nikimwambia haraka, haraka.

Alhamisi, 15 Februari

Soko linafunguliwa! Karibu. Kwanza kutakuwa na kamati nyingine, ya kusimamia ufunguzi. Koti jipya: rangi ya machungwa, zipu, mfuko wa kalamu. Emuria anataka hilo pia. Mtu mmoja, makoti mawili, na mimi sina hata moja. Hiyo si haki kwa mji.

Nimeonana na Mzee Waqo. Hasira imepungua. Alisema hawezi kuahidi kitu, ila siku nyingi hajala nyama ya kushiba. Nilimwelewa.

Na asubuhi hii kondoo wa Abiba hakuamka. Amelala ubavu, masikio chini. Si ile homa. Nimemchunguza mwenyewe, pua ni kavu, au karibu kavu. Ni baridi ya alfajiri. Halafu, nilipoapa, nilikuwa nafikiria mbuzi. Abiba amekwenda Kinna kwa dada yake na hatarudi leo. Mambo yamejipanga yenyewe.

Safari hii nimejiandaa: nimepata glavu. Ni moja tu, lakini mkono wa kisu ni mmoja.

Nimemtumia Mahat ujumbe: njoo na kisu, haraka, anatuacha. Kimya. Nikamtumia tena. Kimya. Nikaanza kumkasirikia, ndipo nikakumbuka kwamba hawezi kusoma tena. Nikampigia. Akasema haoni shingo. Nikamwambia mkono wake unaijua. Akasema sawa, kama ni mimi ninayemwomba atakuja, ila nimtafutie mtu wa kumshika mkono barabarani.

Nitaenda kumchukua mwenyewe. Rafiki kama huyu simwachii mtu mwingine.