Dawa Niliyoiona Ndani ya Fuwele

Uppsala, 14 Novemba

Kwako Mhariri mheshimiwa,

Mimi Torvald Ekelöf, profesa, mchoraji wa maumbo ya protini kwa miaka thelathini na moja, nimechokozwa. Binti wa maabara yetu, Ylva Sandgren, amekuandikia kwamba picha yangu ya protini ya bakteria mliyoichapisha jaridani, ile yenye dawa iliyokaa kwenye tundu la protini, ni kosa tupu na ifutwe. Sikiliza maudhi yangu.

1. Anasema ameikagua ramani tuliyoipata kwa kupiga eksrei fuwele ya protini hiyo iliyolowekwa kwenye dawa, na mahali nilipoiweka dawa hapana kitu. Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilijua dawa imo, nikaiweka. Kompyuta ilikataa mara nne, nikaibana hadi ikakubali.

2. Eti ni lazima kutenga vipimo vichache vya eksrei visiguswe, mwishoni viipime picha kama mtihani. Mimi nilivitumia vyote, na picha ikafaulu vizuri mno. Yeye anasema huko ni kumpa mwanafunzi majibu kabla ya mtihani. Mama yangu alinifundisha kutobakiza chakula sahanini, basi.

3. Analia kwamba amepoteza miaka mitatu akitengeneza dawa za kuingia kwenye tundu nililolichora, arobaini kwa hesabu yake, hakuna hata moja iliyoshika, na sasa shahada yake inaota mbawa. Kwani nani alimtuma aniamini?

4. Haya aliyasema kwenye kahawa ya saa tisa, mbele ya wote. Aliniuliza kama dawa niliiona au niliitamani tu. Aliniita Torvald, kama kila mtu anavyoniita, lakini siku hiyo jina langu liliniuma. Watu walicheka, andazi la mdalasini likanipalia.

Kwa hiyo naomba barua yake itupwe, aniombe radhi kwa maandishi, na protini yenyewe ipewe onyo kwa kukataa kufanana na picha yake.

Nisalimie wote ofisini, hata yule mhakiki aliyeipitisha makala yangu bila kuifungua.

Wako asiyekosea,
Torvald Ekelöf

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilikwenda kwenye friji ya maabara nikutolee ile dawa iliyobaki baada ya kuloweka fuwele, iwe ushahidi. Chupa nimeiona, nayo ndiyo pekee tuliyowahi kuagiza. Imejaa, na muhuri wake haujavunjwa. Ylva yuko chumba cha pili, anachanganya dawa ya arobaini na moja. Nimesimama mlangoni na chupa mkononi, na sijui nianzie wapi kumwambia.