Mitamba Wawili kwa Kiti cha Mbele

Gaudence alikuwa chini ya mwavuli wake wa kusajili laini, pale stendi ya Biharamulo, redio ya muuza chipsi ilipomletea neema. Mtangazaji alisema Kombe la Mataifa ya Afrika likifika huku kwetu Afrika Mashariki, kampuni za simu zitaonyesha uwanjani mtandao mpya, wa kizazi cha tano. Mtazamaji atavaa miwani na kuona goli kutoka upande anaoupenda, hata akitaka kusimama mgongoni kwa kipa.

"Na sisi huku tunapanda kwenye kichuguu ili kupiga simu," alisema muuza chipsi.

 Gaudence alikuwa amefumba macho, anashukuru. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiomba afunguliwe njia, akiomba kwa bidii sana, ila bila kumweleza Mungu ni njia ya kupitisha nini. Shida yake ilikuwa na jina: Joyness wa Nyarubungo. Baba yake Joyness, Mzee Renatus, alishatoa kauli. Alitaka mitamba wawili zizini kwake kabla Kombe halijaanza, la sivyo binti aendelee na maisha yake. Gaudence alimweleza habari za kulipa kidogo kidogo kwa simu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza, "Hiyo simu yako inakamuliwa saa ngapi?"

Basi Gaudence akaenda kwa fundi, akanunua miwani kuukuu ya kuchomea vyuma na kuipaka rangi nyeupe. Akafunga simu ya zamani ndani ya boksi la viatu, mbele ya ile miwani, na ndani ya simu akaweka video ya uwanja mtupu. Alivaa kizibao cha kung'aa, akaning'iniza kitambulisho shingoni, akapiga ishara ya msalaba na kupanda gari la kwenda Kasulo, wilaya ya Ngara.

Hakuchagua Kasulo kwa bahati nasibu. Pale ni mahali palipozoea miradi. Tangu enzi za makambi ya wakimbizi, magari meupe yamepita hapo mpaka mbwa wameacha kuyabwekea, na watu wamejifunza kwamba mgeni mwenye kitambulisho shingoni akianza kusema "ushiriki wa jamii", kuna kitu kinakuja. Huenda ikawa ndoo. Huenda ikawa blanketi. Ikishindikana kabisa, ni soda.

"Ndugu wadau," Gaudence aliwaambia waliokusanyika mbele ya ghala la Evaristi, mfanyabiashara wa mahindi. "Kampuni imechagua kijiji kimoja tu. Siku ya ufunguzi mtakaa hapa Kasulo, lakini mtakuwa uwanjani. Mtawaona wachezaji, na uwanja utawaona ninyi, kwenye skrini pana kama ukuta wa kanisa la Rulenge."

"Nikimtukana refa, atanisikia?" aliuliza Nzeyimana, mchunga ng'ombe wa Evaristi, mtu mzima mwenye sauti nzito.

"Vizuri kabisa."

"Basi mimi nipangie nyuma."

Mama yake Evaristi, Bibi Niragira, alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. "Kizazi cha tano cha nani?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Mimi bado nasubiri cha tatu."

Watu walicheka, na Evaristi akatazama viatu vyake. Alikuwa na ghala, alikuwa na zizi, alikuwa na suti mbili, na miaka ilikuwa inampita bila mke. Tatizo halikuwa wanawake. Tatizo lilikuwa kwamba mbele ya mwanamke ulimi wake ulikauka, akaishia kuzungumzia bei ya mahindi.

Gaudence alimwona, na hapo hapo akajua ni yeye. Mwizi wa kuku humtambua kuku aliyezubaa hata katikati ya kundi. Tusimsifu kwa kipaji hicho.

"Mzee Evaristi, jaribu wewe kwanza," alisema, akamvika boksi.

"Naona giza," alisema Evaristi.

"Hilo ni giza la mtandao mzito. Vumilia."

"Sasa naona viti."

"Ni uwanja wenyewe."

"Mbona nikigeuza kichwa viti havigeuki?"

"Kwa sababu bado haujazinduliwa," Gaudence alisema kwa upole, kama katekista anayemweleza mtoto fumbo la Utatu. "Ukigeuka sasa hivi, utazindua wewe, na hiyo ni kazi ya mgeni rasmi."

Evaristi alituliza shingo yake kwa heshima. Baada yake kila mtu alivaa, na kila mtu aliona, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa mtu pekee wa Kasulo ambaye mtandao umemkataa. Wengi walilipia viti vyao kwa kuku. Nzeyimana alilipa jogoo mmoja kwa kiti cha nyuma kabisa, upande ambao refa hafiki.

Watu walipotawanyika, Evaristi alimvuta mgeni pembeni.

"Hicho kiti cha mbele. Kweli wataniona?"

"Afrika nzima. Kuanzia Tunisia kushuka."

"Na wanawake?"

"Wanawake ndio wanaoongoza kwa kutazama, takwimu za kampuni zinaonyesha hivyo. Kiti cha mbele ni mtamba mmoja. Kampuni haigusi fedha taslimu, inataka ushiriki unaopumua."

Evaristi alifikiri, akaona haya, akafikiri tena. "Nitatoa wawili. Nataka na kiti cha jirani yangu, kikae kitupu."

"Kitupu?"

"Ili ionekane kwamba nafasi ipo."

Gaudence amedanganya watu wengi, na wachache wamewahi kumgusa moyo. Siku ile kidogo moyo wake uguswe. Lakini alikumbuka mitamba wawili, akaona jinsi hesabu ya mbinguni ilivyokaa sawa, akasema, "Kampuni itakubali."

Mitamba walipotolewa zizini, Bibi Niragira alikuja akiwa amejifunga kitenge cha kanisani. Aliwapapasa shingoni mmoja mmoja, akawasemesha Kihangaza, lugha ya kwao.

"Shikamoo, mama," alisema Gaudence.

"Marahaba, mwanangu. Hawa watalala wapi?"

"Kwa mkurugenzi, mama. Pazuri sana."

"Vizuri. Kwetu ng'ombe anayetolewa kwa mkono hatoki kama gunia. Aliyempokea anarudi na pombe kushukuru, na aliyemtoa anakwenda kuona anapolala. Kuanzia hapo ni undugu. Nzeyimana atawasindikiza, maana mikono migeni inawatia hofu."

Hapa ndipo Gaudence alipokosea. Kwao Biharamulo naye aliwahi kuwasikia wazee wakisema mambo ya namna hiyo, akayaweka kwenye fungu la maneno ambayo wazee husema. Alichosikia yeye ni kwamba amepata mchungaji wa bure. "Hata kampuni ina utaratibu huo huo," alijibu.

Walifika Nyarubungo kwa lori la mahindi, kisha kwa miguu. Nzeyimana alimkuta Mzee Renatus amevaa kaptula, anakata majani ya migomba.

"Shikamoo, mkurugenzi," alisema.

Mzee Renatus aliinua uso. Gaudence akamsogelea haraka. "Ngara ndivyo wanavyomwita mzee wa heshima," alinong'ona. Mzee alifurahi, na tangu hapo akatembea taratibu zaidi.

Nzeyimana aliporudi Kasulo alitoa taarifa yake yote. Mkurugenzi ni mtu wa kujishusha, anakata majani mwenyewe. Zizi ni kavu. Maji yako karibu. Kuna binti, alimpa chakula kizuri na kumwuliza jina.

Jumapili iliyofuata Mzee Renatus aliwaita ndugu zake kupokea mahari rasmi. Gaudence alikuja na suti ya kuazima. Joyness alimtengea maji ya kunawa na kumtazama kwa jicho la mtu aliyeahidiwa mengi na kuona machache. "Umewatoa wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwenye jasho langu."

"Hujawahi kutoka jasho, Gaudence. Nakufahamu."

Alikuwa anatafuta jibu tamu wakati nje kuliposikika watu wanabisha hodi. Aliingia Nzeyimana akiwa na kibuyu kikubwa cha pombe ya ndizi kichwani. Akafuata Evaristi, suti na tai. Nyuma yao akaja Bibi Niragira na kitenge chake cha kanisani. Gaudence aliangalia dirisha. Lilikuwa dogo. Hata hivyo aliliangalia tena.

"Shikamoo, mkurugenzi," Evaristi alisema, akamshika Mzee Renatus kwa mikono miwili. "Tumekuja kuona wanapolala. Na pombe hii ni ya kushukuru kwa viti."

"Marahaba. Viti gani?"

"Vya uwanjani. Kile changu, na kile kitupu."

Mzee Renatus aliwageukia ndugu zake, na ndugu zake wakageukia kibuyu. Hakuna aliyekuwa na msaada.

Bibi Niragira alikuwa bado hajaketi. Alitazama mikeka iliyotandikwa, kuku aliyechinjwa, binti aliyejifunga khanga mpya, na suti ya kuazima iliyoanza kulowa kwapani. Ilimchukua muda wa Salamu Maria moja kuelewa.

"Baba," alimwambia Mzee Renatus, "hawa ng'ombe umewapokea kwa ajili gani?"

"Ni mahari ya binti yangu, mama."

"Nashukuru. Wametoka zizini kwetu. Huyu ni mwanangu, hana mke, na aliyewaleta kwa miguu ni mchungaji wetu, unamjua." Kisha akamgeukia Gaudence, na sauti yake ilikuwa laini kabisa. "Sasa mwanangu, waeleze wazee wasikie. Katika safari hii wewe ulikuwa mshenga wetu, au mwizi wetu?"

 Nzeyimana alitua kibuyu chini, akabaki amesimama mlangoni, na mlango ukajaa.

Gaudence alimtazama Joyness. Hayo tumwandikie kwa heshima yake: alimtazama yeye kwanza. Akaona kwamba Joyness ameshaelewa, na kwamba anasubiri kwa hamu kidogo kujua atachagua lipi.

"Mshenga," alisema Gaudence.

"Sikusikia."

"Mimi ni mshenga, mama."

"Na umefanya kazi nzuri," alisema Bibi Niragira, ndipo akaketi.

"Mimi sijaulizwa," alisema Joyness.

"Ni kweli," Bibi alijibu. "Na ukisema hapana, ng'ombe wetu wanarudi nyumbani, na huyu anabadilishiwa cheo."

Joyness alimgeukia Evaristi, ambaye ulimi wake ulikuwa umekauka tayari. "Kwa nini ulilipia kiti kitupu?"

Evaristi alifungua mdomo. Kila mtu wa Kasulo pale ndani alijua inakuja bei ya mahindi. "Nilitaka uone kwamba nafasi ipo," alisema. "Yaani, sikujua ni wewe. Lakini yeyote ambaye angekuwa ni wewe."

Joyness aliinamisha kichwa ili asicheke mbele ya wazee. "Nitakuja Kasulo kuangalia mpira," alisema. "Baada ya hapo nitajibu."

Mpira ndio uliobaki, maana watu wa Kasulo walikuwa wamelipia viti, na kuku wao walikwishaliwa. Bibi Niragira aliona ni haki mshenga akamilishe ahadi za kampuni. Siku ya ufunguzi Gaudence alifika na televisheni ya kukodi, jenereta, na dishi lisilokuwa na nguzo. Upepo wa jioni ulikuwa unavuma, na dishi likicheza kidogo tu, picha inaganda. Basi akapandishwa juu ya pipa nyuma ya ghala, akalikumbatia.

"Kushoto kidogo," waliita watu. "Umepitiliza. Rudi. Hapo hapo, usipumue."

Alishika dishi kipindi cha kwanza, akalishika na cha pili. Hakuona mpira hata mara moja. Alisikia tu Nzeyimana akimtukana refa kutoka kiti cha nyuma kabisa, na katikati ya kelele akasikia kicheko cha Joyness, kutoka kiti cha mbele. Akajua kiti si kitupu tena. Mikono ilimuuma, na akaomba, safari hii akimweleza Mungu kila kitu kwa jina lake.

Kazi ya mshenga haiishi haraka. Alibeba salamu, alibeba vikapu, alikaa vikao, na kila mahali wazee walimsifu kwa uaminifu wake mpaka akachoka kuzisikia sifa hizo. Mwishowe ikafika Jumapili ya matangazo ya ndoa. Gaudence alikuwa kanisani, benchi la pili, kati ya Mzee Renatus na Bibi Niragira, katekista aliposimama na kusoma: Evaristi wa Kasulo, na Joyness wa Nyarubungo.

"Yeyote anayejua kizuizi cha ndoa hii," alisema katekista, "anawajibika katika dhamiri yake kumweleza padri."

Gaudence alikijua. Alikuwa nacho hapa kifuani, kinamchoma. Angeweza kusimama na kueleza jinsi mahari ile ilivyopatikana, tangu miwani ya fundi mpaka lori la mahindi, na ndoa ingesimama papo hapo. Lakini kila neno la ushahidi huo lilianza na jina lake.

Bibi Niragira alimwegemea kidogo. "Unataka kusema kitu, mshenga?"

"Hapana, mama," alisema Gaudence. Akapiga magoti pamoja na wengine, akawaombea maharusi.